Mahalanobis: Mtaalamu aliyewafundisha watawala kuwajua wengi kwa kuuliza wachache

MNUNUZI wa mpunga anapofika ghalani mjini Bagamoyo hafungui kila gunia, wala hahesabu kila punje. Huchukua bambo, kile chuma kilichochongoka chenye mfereji katikati, akalichoma gunia na kutoa punje chache kiganjani. Kwa punje hizo huamua kama mzigo mzima ni mkavu au una unyevu, kama ni safi au umechanganyika na mawe.

Wauzaji nao wana ujanja wao. Gunia lenye mpunga mzuri huwekwa mbele karibu na mlango, na lile lenye ukungu husukumwa nyuma. Mnunuzi anayechoma magunia ya mlangoni peke yake hurudi nyumbani na hasara, hata kama amechoma magunia 100. Yule anayechoma 10 tu, lakini yaliyochaguliwa bila upendeleo kutoka kila upande wa ghala, hupata picha iliyo karibu zaidi na ukweli.

Tofauti kati ya wanunuzi hao wawili ndiyo kiini cha somo la sampuli, ambalo wanafunzi wa sekondari hukutana nalo katika hisabati wanapofika kwenye takwimu. Mara nyingi somo hilo hukaririwa kama orodha ya majina ya mbinu, likasahaulika mara baada ya mtihani.

Lakini nyuma ya mbinu hizo yapo maisha ya watu waliozipigania. Mmoja wao ni Profesa Prasanta Chandra Mahalanobis wa India, mtaalamu aliyeitoa sampuli kwenye makaratasi ya wanahisabati na kuipeleka mashambani, katika vijiji vyenye njaa na hatimaye katika ofisi za mipango ya taifa. Kwa bahati, kazi iliyompa jina ilihusu zao la magunia yenyewe.

Treni iliyomwacha

Mahalanobis alizaliwa Juni 29, 1893 katika mji wa Calcutta, ambao leo huitwa Kolkata, wakati India ikiwa chini ya utawala wa Waingereza. Familia yake ilikuwa ya Kibengali na ilifuata Brahmo Samaj, jumuiya ya wanamageuzi wa dini na jamii. Alisoma shule ya wavulana ya jumuiya hiyo, kisha Chuo cha Presidency mjini humo, alikohitimu shahada ya fizikia mwaka 1912.

Mwaka 1913 alisafiri kwenda Uingereza akiwa na nia ya kusoma London. Siku moja alikwenda kuutembelea mji wa Cambridge, akavutiwa na majengo ya Chuo cha King's, na treni ya mwisho ya kurudi ikamwacha. Akalazimika kulala kwa rafiki, na rafiki huyo akamshauri aombe nafasi chuoni hapo. Alikubaliwa, na mwaka 1915 akahitimu. Akiwa Cambridge alifahamiana pia na Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati mwenzake kutoka India.

Alipokuwa akijiandaa kurudi nyumbani kwa likizo, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilichelewesha safari. Katika siku hizo za kusubiri, mwalimu wake mmoja alimwonyesha jarida la Biometrika, lililokuwa likichapisha tafiti za matumizi ya takwimu katika elimu ya viumbe. Kijana huyo alinunua matoleo yote yaliyokuwapo, akayapakia melini na kuyasoma njiani.

Likizo hiyo haikuisha. Alipofika Calcutta alipewa kazi ya kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, akabaki huko. Fizikia ilimpa mshahara, lakini takwimu ndizo zilizouchukua moyo wake. Mwaka 1923 alimwoa Nirmalkumari, na kwa miaka mingi wote wawili walikuwa watu wa karibu wa mshairi Rabindranath Tagore.

Mto uliosingiziwa

Mwaka 1926 mafuriko makubwa yaliikumba Orissa, jimbo lililo kusini magharibi mwa Bengal. Wahandisi waliochunguza walifikia uamuzi kwamba kitako cha mto kilikuwa kimepanda, na kwa hiyo kingo zilipaswa kuinuliwa. Lilikuwa jambo lililoonekana wazi kwa kila aliyesimama ukingoni.

Mahalanobis hakuridhika na macho. Alichambua kumbukumbu za mvua na za maji ya mto za takriban miaka 60, akaonyesha kwamba hapakuwa na ushahidi wa kitako kupanda. Mafuriko yalitokana na mvua nyingi katika maeneo ya juu ya mto. Kuinua kingo kungekula fedha bila kuwaokoa watu. Dawa ilikuwa kuyazuia maji huko juu kwa mabwawa. Miaka mingi baadaye bwawa la Hirakud lilijengwa katika mto Mahanadi.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo aliloliamini hadi mwisho wa maisha yake, kwamba maoni ya wakubwa, hata yakiwa ya wasomi, si badala ya takwimu zilizokusanywa kwa utaratibu. Desemba 1931 aliongoza kuanzishwa kwa Taasisi ya Takwimu ya India, iliyoanzia katika chumba kidogo cha Chuo cha Presidency. Mwaka 1933 taasisi hiyo ilianza kutoa jarida lake, Sankhya.

Zao la magunia

Juti ni mmea unaotoa nyuzi za kutengenezea magunia, kama ambavyo mkonge wa Ubena na maeneo mengine ya Tanzania hutoa nyuzi za kamba. Bengal ilikuwa kitovu cha zao hilo duniani, na magunia yake yalibeba nafaka, kahawa na bidhaa nyingine katika bandari nyingi, zikiwamo za Bahari ya Hindi.

Hata hivyo, hakuna aliyejua kwa uhakika ni ekari ngapi zililimwa juti kila mwaka. Bengal haikuwa na maofisa wa kumbukumbu za mashamba katika kila kijiji kama ilivyokuwa katika baadhi ya majimbo mengine. Takwimu za serikali zilitegemea makisio ya walinzi wa vijiji, watu wenye ujira mdogo na shughuli nyingine nyingi. Bei za mkulima na mipango ya serikali vilijengwa juu ya makisio hayo.

Kulikagua kila shamba la jimbo lenye mamilioni ya vipande vya ardhi kulihitaji jeshi la wakaguzi. Gharama yake ilikuwa kubwa, na ubora wa kazi ya watu wengi kiasi hicho ungekuwa wa mashaka. Kuanzia mwaka 1937 Mahalanobis alipendekeza njia nyingine, ya kukagua sehemu ndogo ya mashamba, lakini sehemu iliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Hakuanza kwa pupa. Alifanya kwanza majaribio madogo ya awali ili ajue kazi ingegharimu kiasi gani, wakaguzi wangetembea umbali gani na makosa yangekuwa ya ukubwa gani. Kila mwaka aliongeza eneo, hadi mwaka 1941 utafiti ukaenea katika jimbo zima. Ndani ya ramani za ardhi yalichaguliwa maeneo madogo kwa kutumia namba za nasibu, na mkaguzi alitakiwa kwenda pale pale namba ilipomwelekeza, liwe kando ya barabara au katikati ya kinamasi.

Lakini je, kama mkaguzi akikaa kivulini na kujaza fomu bila kufika shambani? Mahalanobis aliligawa eneo katika sampuli mbili zinazofumana, kila moja ikikaguliwa na timu yake, bila timu moja kujua majibu ya nyingine. Majibu yakikaribiana, kuna sababu ya kuyaamini. Yakiachana sana, ofisi hujua kwamba kuna kasoro, na hutuma watu kuitafuta. Kwa njia hiyo alipima kosa linaloletwa na bahati, na pia kosa linaloletwa na binadamu.

Namba kubwa iliyopotoka

Wakati wakaguzi wa Bengal wakiingia mashambani, Marekani ilikuwa imetoka kupata somo lake. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, na watu zaidi ya milioni mbili wakajibu. Jarida likatabiri kwamba Alf Landon angeshinda. Franklin Roosevelt ndiye aliyeshinda, tena kwa kishindo.

Majina ya walioulizwa yalikuwa yametolewa katika orodha kama za wenye simu na magari, enzi ambayo maskini wengi hawakuwa na vitu hivyo. Aidha, waliojibu hawakuwa sawa na walionyamaza. Mtafiti George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo zaidi kwa mbali, alimtaja mshindi halisi. Mnunuzi aliyechoma magunia milioni mbili ya mlangoni alikuwa amepitwa na mwenzake aliyezunguka ghala.

Njaa ya 1943

Mwaka 1943 Bengal ilikumbwa na njaa iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia milioni tatu. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo vita, kupanda kwa bei za mchele, kimbunga cha mwaka uliotangulia na maamuzi mabaya ya serikali. Lakini katikati ya maafa hayo maofisa walikuwa bado wakibishana kama chakula kilikuwapo au hakikuwapo, kwa sababu takwimu za mavuno ya mpunga hazikuwa za kutegemewa. Ubishi uliendelea huku watu wakifa barabarani.

Baada ya njaa, Mahalanobis na wenzake walifanya utafiti wa sampuli katika mamia ya vijiji vya Bengal ili kujua nini kimewapata walionusurika. Walionyesha jinsi familia zilivyouza mashamba na ng'ombe, jinsi wavuvi, mafundi na vibarua wasio na ardhi walivyoumia kuliko wengine, na jinsi watu waliokuwa na kitu walivyogeuka kuwa ombaomba. Hesabu ya jumla pekee isingeonyesha hayo, na kumhoji kila mtu kungechukua miaka.

Mwaka 1945 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya London, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa wakati huo. Mwaka 1947, Umoja wa Mataifa ulipounda kamati ndogo ya kuweka taratibu za kimataifa za utafiti wa sampuli, alikuwa miongoni mwa wajumbe wake.

Pamoja na sifa hizo, hakukosa wapinzani wala makosa. Ili kukadiria mavuno, wakaguzi wake walikata mazao katika duara dogo lenye kipenyo cha futi nne. Mtaalamu mwenzake, P. V. Sukhatme, alipinga njia hiyo. Alisema vipande vidogo mno huzidisha mavuno, kwa kuwa mkataji huelekea kuingiza mimea iliyo mpakani mwa duara. Ubishi wao ulikuwa mkali na ulichukua miaka, lakini hoja ya Sukhatme ilikuwa na uzito, na wanaopima mavuno tangu wakati huo wameizingatia.

Siri ya chumvi

Kisa kingine kinachosimuliwa kuhusu watu wa taasisi yake ni cha mwaka 1947, wakati wa ghasia za kugawanywa kwa India. Wakimbizi walijazana ndani ya Ngome Nyekundu mjini Delhi, na serikali iliwalisha kupitia wakandarasi. Bili zilipanda, lakini hali ya hatari haikuruhusu mtu kuingia na kuwahesabu watu.

Mtakwimu J. M. Sengupta alipendekeza kuangalia bili zenyewe. Kiasi cha chakula anachokula mtu mmoja kwa siku kilijulikana. Makadirio yaliyotokana na mchele yalikuwa makubwa mno, na yale ya chumvi yalikuwa madogo zaidi. Mchele ulikuwa ghali, hivyo ulikuwa na faida kwa anayetaka kuongeza bili. Chumvi ilikuwa rahisi kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua kuidanganya. Njia hiyo ilijaribiwa katika kambi ndogo ya kaburi la Humayun, ambako idadi ya watu ilijulikana, ikatoa jibu lililokaribiana na ukweli.

Haikuwa sampuli kwa maana ya darasani. Lakini ilikuwa na roho ileile ya kuuliza kwanza nani ana sababu ya kuipindisha namba, kabla ya kuiamini. Mtu wa Bagamoyo, anayeyaona mashamba ya chumvi ya pwani yake, hawezi kuona ugumu wa kuelewa hoja hiyo.

Taifa lililojipima

India ilipopata uhuru, Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru alimfanya Mahalanobis mshauri wa serikali katika takwimu mwaka 1949. Mwaka uliofuata ulianzishwa Utafiti wa Taifa wa Sampuli. Katika awamu ya kwanza vilichaguliwa vijiji vipatavyo 1,800 kati ya zaidi ya nusu milioni, na wadadisi wakaenda kuuliza watu wanakula nini, wanavaa nini na wanapata riziki wapi. Kwa nchi maskini na kubwa kiasi kile, lilikuwa jambo ambalo mataifa tajiri yalilitazama kwa mshangao.

Alishiriki pia kuandaa Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza mwaka 1956 na kuweka mkazo kwenye viwanda vizito. Wanauchumi wengi baadaye waliukosoa kwa kukipa kilimo nafasi ndogo. Aliyejua kupima mashamba kwa ustadi hakuwa salama dhidi ya kukosea juu ya nini kifanywe na vipimo hivyo.

Mwaka 1950 kilianzishwa mjini Calcutta kituo cha kimataifa cha elimu ya takwimu, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka Asia na Afrika. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa yameanza pia kufanya kazi Afrika Mashariki. Hesabu ya watu ya mwaka 1948, iliyohusisha Tanganyika, ilifuatiwa na hesabu ya sampuli yenye maswali mengi zaidi. Baada ya uhuru, sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu milioni 12.3 Tanzania, na ile ya mwaka 2022 ikakuta milioni 61.7.

Sensa humhesabu kila mtu, lakini hata yenyewe huitegemea sampuli. Mwaka 2012 dodoso refu liliulizwa katika takriban asilimia 30 tu ya maeneo ya kuhesabia, na mengine yakaulizwa dodoso fupi. Nao Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2000/01 Tanzania Bara ulihoji kaya 22,178 pekee, na kutokana nazo ikajulikana kwamba karibu watu 36 kati ya kila 100 walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi.

Kutoka Bengal hadi Ubena

Mwanafunzi anayetaka kuzielewa mbinu hizo anaweza kuitumia Wilaya ya Bagamoyo kama ubao wake. Tuseme serikali inataka kujua ni kaya ngapi zina maji safi. Mdadisi mvivu atashika barabara kuu ya Morogoro, asimame Chalinze na Ubena Zomozi, ahoji watu wa kando ya lami na kurudi mjini jioni. Atakuwa amewaona wenye maduka na kuwaacha walio ndani, ambako lori la maji halifiki.

Njia ya kwanza ni sampuli nasibu sahili, ambapo kila kaya hupewa namba na namba huchaguliwa kama kura, kila moja ikiwa na nafasi sawa. Njia ya pili ni ya kuruka kwa hatua. Kama orodha ina kaya 4,000 na zinatakiwa 100, huchaguliwa kwa kura namba moja kati ya 1 na 40, kisha huchukuliwa kila kaya ya 40 kuanzia hapo.

Njia ya tatu ni ya matabaka. Wavuvi wa Saadani, wakulima wa mananasi wa Kiwangwa na vibarua wa mkonge wa Ubena hawaishi maisha yanayofanana, hivyo kila kundi hutolewa sampuli yake ili lisimezwe na jingine. Njia ya nne ni ya vishada, ambapo kwanza huchaguliwa vijiji kwa kura, kisha kaya ndani ya vijiji hivyo. Hii hupunguza nauli, ingawa majirani hufanana na hivyo kosa huongezeka kidogo.

Wengi hushangazwa na ukubwa wa sampuli. Sampuli nasibu sahili ya watu 1,000 hutoa asilimia yenye kosa lisilozidi takriban tatu juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, iwe inahusu wilaya moja au nchi nzima. Anayetaka kulipunguza kosa hilo kwa nusu hana budi kuongeza sampuli mara nne. Lakini upendeleo wa uchaguzi haupungui kwa kuongeza idadi. Kaya 10,000 za kando ya lami zitabaki kuwa za kando ya lami.

Profesa Mahalanobis alifariki dunia Juni 28, 1972 mjini Calcutta, siku moja kabla ya kutimiza umri wa miaka 79. Tangu mwaka 2007 India huiadhimisha tarehe ya kuzaliwa kwake kuwa Siku ya Takwimu.

Kazi yake huonekana kila mara mdadisi anaposhuka kwenye pikipiki katika kitongoji cha ndani akiwa na orodha mkononi. Nyumba ya kwanza ina kivuli cha mwembe na mwenyeji mkarimu, lakini namba yake haimo katika orodha. Iliyomo ipo ng'ambo ya korongo, na mwenyewe amekwenda shamba. Mdadisi mwaminifu huvuka korongo, na asipomkuta hurudi tena kesho yake, kwa sababu visima vitakavyochimbwa mwaka ujao vitategemea jibu la nyumba ile.